Kamera Nne za Mzee Kitasa

Jina la Kitasa alipewa na wateja, tangu ndevu zake zikiwa bado nyeusi, kwa sababu hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda. Akina mama waliojifungia nje huku watoto wakilia ndani, wapangaji waliopoteza funguo, karani aliyesahau namba za sefu, wote walimkimbilia yeye. Watu walitania kwamba hata moyo wa mwenye nyumba angeufungua, shida tu hauna tundu la ufunguo. Karakana yake ilikuwa chumba kidogo kilichobanana na geti la nyumba yake mwenyewe, chenye dirisha moja la nondo linalotazama uani. Humo alichonga funguo miaka arobaini, na kwa kazi hiyo akamsomesha binti yake wa pekee. Mke naye alimpata humo humo. Alikuja asubuhi moja, mwalimu kijana wa chekechea, ufunguo umemvunjikia kwenye kitasa cha darasa na watoto thelathini wanamsubiri juani.

Mke huyo sasa alikuwa anapotea huku yupo. Daktari alisema ubongo unasinyaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Yalianza kupotea majina ya watu, yakafuata majina ya vitu, kisha asubuhi moja akamtazama mumewe aliyeinama kufunga kamba za viatu, akamwambia kwa upole:

"Fundi, ukimaliza ufunge mlango vizuri. Mume wangu anarudi saa kumi."

"Sawa, mama," alijibu Mzee Kitasa.

Mara ya kwanza mkewe alipotoka nyumbani peke yake, walimkuta mbele ya duka la dawa, amejipanga foleni ambayo haikuwepo. Mara ya pili walimkuta kwenye jengo linalojengwa, goti limechubuka, mguu mmoja hauna kiatu. Mzee akafanya lile alilolijua. Alitoa kufuli bora kuliko zote katika karakana yake, akaitia kwenye geti.

Siku ya tatu mkewe alizishika nondo za geti akazitikisa, akiita wapita njia wamwokoe. Majirani walijaa. Mmoja alimuuliza Mzee Kitasa mbele za watu kama anamtesa mkewe. Jioni ile alivitazama viganja vya mkewe, vimevimba na kuvilia damu kwa ndani, akaenda kuitoa ile kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Kazi aliyoitegemea maisha yake yote haikuwa na msaada wowote hapo.

Aliyetoa wazo la kamera ni binti, ambaye alifanya kazi mbali na alifika nyumbani mara moja kwa mwaka.

"Baba, huwezi kumkodolea macho kutwa nzima. Weka kamera. Na mimi nitakuwa nawaona kwenye simu."

"Utaona nini, mwanangu?"

"Nitamwona mama."

Dukani, muuzaji alimwonyesha kwanza zile zisizo na waya. Unazibandika tu ukutani, alisema, zinapeleka picha kwa waifai, hutoboi hata tofali moja. Mzee Kitasa aliigeuza moja mkononi kama mtu anayekagua kitasa cha bei rahisi.

"Na waifai ikikatika?"

"Inarudi yenyewe, mzee."

"Inarudi baada ya muda gani?"

Muuzaji alicheka kidogo. Mzee hakucheka. Nyumba yake ilikuwa na kuta nene za tofali la kuchoma, na simu yenyewe ilishika mtandao akiwa uani tu. Aliuliza waya wa kamera unabeba nini ndani yake, unapita wapi, unaishia wapi. Akaambiwa umeme na picha vinasafiri pamoja kwenye waya mmoja, kutoka kila kamera hadi kwenye kifaa cha kurekodia, na ukiweka betri ya akiba, hata umeme ukizima mitambo inaendelea.

"Nipe za waya," alisema. "Waya nauelewa. Una mwanzo na una mwisho."

Aliyekuja kuzifunga alikuwa mama wa makamo mwenye ovaroli ya kijivu, penseli sikioni. Alizunguka kiwanja chote na futi yake, akachora nyumba kwenye karatasi. Kamera nne zingetosha. Moja kwenye geti, moja kwenye mlango wa jikoni, moja ukutani kutazama uani, na moja kwenye kichochoro cha pembeni, hiyo yenye lenzi nyembamba inayoona mbali. Alipanda ngazi getini na kuanza kupima.

"Ya hapa tunaielekeza barabarani, baba. Mwizi unamwona kabla hajafika."

"Sina mwizi, dada. Igeuze itazame ndani, kwenye mlango wa nyumba."

Fundi aliacha kupima. Kisha akauliza, "Kuna mgonjwa?"

"Mama watoto."

Aliifuta michoro yake na kuanza upya. Skrini aliyopanga kuitundika sebuleni aliishusha kwenye meza ya karakana, sawasawa na macho ya mtu aliyeketi akichonga funguo. Kazi ilichukua siku mbili. Mke wa mzee alimpokea kama mgeni wake, akamletea maji, akamuuliza ana watoto wangapi. Alimuuliza hivyo mara tatu ndani ya saa moja, na mara zote tatu fundi akamjibu kama swali jipya: wawili, mmoja yuko kidato cha pili. Mzee Kitasa, aliyekuwa akimshikia ngazi, alilazimika kutazama pembeni.

Wiki za mwanzo alipumua. Alichonga funguo huku jicho moja likimfuata mkewe akianua nguo na kuzianika tena zile zile. Kile kifaa kilikuwa na mlio wa kushtua kila kitu kinapopita mbele ya kamera, ila kililia kwa paka, kwa shuka kwenye kamba, kwa kivuli cha wingu. Siku ya nne aliuzima. Alijikuta pia amekaa karakanani hata pasipo na kazi. Huko kwenye skrini mkewe alikuwa mwanamke mdogo anayetembea kimyakimya, wala hakumwita mumewe fundi.

Jumanne moja asubuhi, baada ya siku tatu ambazo mkewe hakutulia hata kidogo, Mzee Kitasa alilaza kichwa mezani katikati ya funguo. Alitaka kupumzisha macho tu. Alipokiinua, skrini ilimwonyesha uani kweupe na geti wazi.

Alikimbia akiwa na patasi mkononi, hakujua ameishika. Alipita duka la dawa, akapita lile jengo, akauliza kila aliyekutana naye. Mtu wa mkokoteni ndiye aliyemkuta mkewe, ndani ya mfereji wa maji ya mvua, nyonga imevunjika. Hospitali walimlaza wiki moja, wakasema moyo wake hauwezi kuvumilia upasuaji, wakamrudisha nyumbani kitandani. Hatatembea tena, walisema. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda.

Ilimchukua mzee siku kadhaa kupiga moyo konde na kuitazama asubuhi ile kwenye rekodi. Saa nne na dakika kumi na nne, mkewe anatoka mlango wa jikoni na mkoba wake wa kazini. Anakwenda hadi getini, anashika komeo, anaacha. Anageuka. Anavuka uani moja kwa moja hadi dirishani pa karakana, anasimama. Kamera inamwona kwa mgongo, na shavu moja. Taya linacheza, anasema kitu. Anasubiri. Anasema tena. Anagusa nondo za dirisha kwa vidole viwili, kama mtu asiyetaka kusumbua. Dakika mbili nzima. Kisha anajifunga kitambaa vizuri kichwani na kwenda zake.

Mzee alimpigia fundi wa kamera.

"Dada, sauti naipataje?"

"Hizi hazichukui sauti, baba. Samahani. Ila kama kuna kipande unakitaka, nije nikuwekee kwenye flashi. Diski ya kile kifaa ikijaa inafuta picha za zamani yenyewe. Kwako zinakaa kama siku ishirini na tano."

"Nitakupigia," alisema mzee. Hakupiga.

Binti alikuja, akakaa siku tatu. Aliitazama ile picha akiwa amesimama.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo. Nimelala."

Binti alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Siku ya kuondoka alisema si kosa la baba yake, lakini aliyasema hayo huku akifunga zipu ya begi.

Tangu hapo, kila asubuhi akishamgeuza mkewe, Mzee Kitasa aliketi mbele ya skrini. Alijaribu kuusoma ule upande wa mdomo. Huenda mkewe alikuwa anaaga. Huenda anaulizia njia ya shule, au anamwambia fundi wa watu afunge mlango. Kuna siku alisadiki kabisa kwamba aliitwa kwa jina lake, lile alilokuwa akiitwa na mwanamke huyo tu, na kesho yake akaona ni ujinga mtupu.

Asubuhi moja aliitafuta saa nne ya siku ile asiipate. Picha zilianzia saa sita, geti wazi, majirani wawili wakinong'onezana uani. Kesho yake hata majirani hawakuwepo. Kwenye skrini kulikuwa na kamba ya nguo isiyo na nguo, na kichochoro, na mlango wa jikoni uliofungwa.

Aliangalia saa ya ukutani. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akamgeuza mkewe ubavu wa kushoto na kumwegesha mto mgongoni. Mwili ulikuwa mwepesi kuliko jana. Akavuta kiti, akaketi kusubiri saa mbili zipite amgeuze tena.