Mdomo wa Persis

Kama umewahi kuitazama ile video ya kwaya ya Kebirigo, ile ya vitenge vyekundu katikati ya majani chai, basi Persis unamjua. Ndiye anayetangulia mbele, shingo ndefu, meno yenye mwanya, akishuka mteremko polepole huku wenzake wakiyumba nyuma yake kulia, kushoto, kulia. Watu wa Nyanchwa humsimamisha njiani wapige picha naye. Humwambia sauti yake inawatoa machozi. Persis hujibu asante, kisha huondoka upesi kabla hawajamwomba aimbe kidogo.

Sauti si yake. Ni ya Roselyne.

Kisa chenyewe ni cha kipuuzi, na ndiyo maana kinaudhi. Wimbo wa kwaya hurekodiwa kwanza studioni, sauti tupu. Picha huja baadaye: spika inawekwa nyuma ya kamera, wimbo unachezwa, waimbaji wanaufuata kwa midomo. Sasa Roselyne, mwimbaji kiongozi, alikuwa ameshaimba na kumaliza, ndipo tumbo lake likaanza kuonekana, na mume hakuna. Kanisa likamsimamisha. Mwenyekiti wa kwaya, Manasseh, mtu asiyekosa jibu, akaamua kwamba sauti haina tumbo, kwa hiyo ibaki. Kilichotakiwa ni uso mwingine tu. Akamnyooshea kidole Persis, mchuma chai wa mstari wa nyuma. Maskini Persis aliona ni heshima. Alifurahi hadi akakosa usingizi.

Mpiga video alikuwa Ogeto kutoka Kisii mjini, na siku nzima alimfokea.

"Persis, midomo iko sawa, lakini shingo imelala! Imba kweli! Mishipa isimame ndio watu waamini."

Persis hakuweza. Kila alipofungua koo, sauti yake mwenyewe, nzito, ya chini, iligongana na ya Roselyne, naye akaona aibu kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. Akawa anapanua mdomo tu bila pumzi. Palipokuwa na kasoro, Ogeto alikata akaweka maua, au mawingu, au kwaya ikishuka ngazi za hoteli ambamo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala.

Video ilipendwa, na hapo ndipo Persis alipofungiwa kuimba.

"Usiimbe peke yako mahali popote," Manasseh alimwonya. "Watu wakijua, kazi ya Mungu itakuwa imeharibikia mikononi mwako."

Kwenye mialiko kwaya ilikwenda na flashi yenye wimbo, na Persis akapewa maiki iliyozimwa. Kanisani akawa wa kunong'ona. Shambani, alikozoea kuimba huku kikapu kikijaa mgongoni, akanyamaza kabisa. Aliposikia wanawake wengine wakiimba, roho ilimuuma hadi akatafuta sababu ya kusogea mbali nao.

Mtu mmoja tu hakudanganyika: baba yake, mzee Omwenga. Alipoonyeshwa video kwenye simu aliisikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha simu.

"Uso ni wa omoiseke wangu, binti yangu," alisema. "Hiyo sauti simjui mwenye nayo."

Persis akatazama chini. "Ni ya kwaya, Tata."

"Sawa. Lakini siku yangu ikifika, uniimbie na ile yako. Ile ya kwa majani chai."

Persis akamwapia.

Mzee alifariki wakati wa mvua. Asubuhi ya mazishi Persis alimfuata Manasseh nyuma ya hema, macho yamevimba.

"Mwenyekiti, leo nataka kuimba mwenyewe. Huyu ni babangu. Muwashe maiki, muache flashi."

Manasseh alimshika bega kwa upole. "Pole sana, dada. Utaimba. Usijali."

Persis akalishika neno hilo.

Boma lilijaa. Wengine walitoka hata Marani, na wala hawakumjua marehemu. Walikuja kwa ule wimbo. Persis alipoitwa alisimama kando ya jeneza, maiki mkononi, akavuta pumzi. Spika zikamtangulia. Kinanda kile kile, kisha sauti ya Roselyne, laini, tamu, ikajaa boma zima. Persis aligonga maiki kwa kidole. Kimya. Akamtazama Manasseh, naye Manasseh alikuwa amefumba macho na kuinua mikono, akiabudu kweli kweli.

Basi akaimba hivyo hivyo. Alifungua koo lote, akaitoa ile sauti nzito ya shambani, akamwimbia baba yake kila neno huku akilia, akainama karibu na jeneza ili angalau mzee asikie. Lakini zile spika zilikuwa kubwa, na fundi alikuwa amezipandisha hadi mwisho. Hata Persis mwenyewe hakujisikia.

Wimbo ulipoisha watu walikuwa wanafuta macho. Ogeto, aliyekuja kurekodi mazishi, alimjia mbio na kamera yake, furaha imemjaa.

"Persis, leo umeweza! Shingo imesimama, mishipa zote zinaonekana, machozi imeshuka na wakati. Hii siwezi kuitupa. Naiweka kwenye video mpya ya kwaya."

Persis alikuwa bado ameishika ile maiki.

"Asante," alimjibu.