Makofi kwa Aliyeanguka

Jumamosi, kwenye harusi moja hapa mjini Morogoro, wakati wa chakula aliingia binti mwenye viatu vya magurudumu kutuburudisha. Akaruka, akazunguka mara mbili hewani, akatua kwa mguu mmoja, kimya kama paka. Sisi tukaendelea kutafuna.

Kiongozi wa kikundi chake akamkaripia kwa sauti ya chini kutoka mlangoni, karibu na meza yetu, "Cheka, wewe! Kata kiuno!"

Akacheka, akakata kiuno. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Akina mama wakatoa khanga wakazitandika mbele yake, kama anavyotandikiwa bibi harusi. Magurudumu yakanasa kwenye khanga, binti akaenda chini kwa kiwiko. Vigelegele vikazidi, maana watu walidhani ndizo mbwembwe zenyewe. Naye pale chini hakuacha kucheka.

"Huyu sasa anajua kazi!" akasema shangazi mmoja mezani kwetu.

Baadaye nilimkuta nje bombani, anaosha kiwiko.

"Shikamoo. Ule mruko wa kwanza uliuona?"

"Marahaba. Niliuona, mwanangu. Sijapata kuona kitu kama kile."

"Mbona hukupiga makofi?"

Wiki nzima natafuta jibu la maana. Ninalo moja tu: mikono yangu ilikuwa na pilau.