Siku Niliyofasiri Filamu Mbele ya Mama Mkwe

Naona haya kusimulia habari hii, na nyinyi mnaocheka hata kabla sijaanza (nawajua), acheni nimalize kwanza. Kuna watu wa mtaa wetu wa Kimanga ambao mpaka leo wakipita mbele ya kibanda changu hawaniiti kwa jina langu, Kashindi, wananiuliza tu, "Daktari, mugonjwa alipona?" halafu wanajiendea zao wakicheka. Udaktari huo sikuusomea popote. Niliupata Jumamosi moja mchana kwa ajili ya neno moja dogo, neno "niliiona," ambalo laiti ningelimeza pamoja na mate yangu.

Kazi yangu ni kuchaji simu za watu na kuwawekea muziki na filamu kwenye flashi, na ukifanya kazi hiyo watu wanadhani umeona kila filamu iliyopo duniani. Ukweli ni kwamba mimi filamu nyingi nalala kabla hazijafika katikati. Lakini mteja akiniuliza, "Hii iko muzuri?" nitamjibu nini? Namwambia iko muzuri sana, anaondoka na furaha yake, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kurudi kunidai maelezo.

Sasa wakati huo nilikuwa namchumbia Furaha, binti wa kijiji cha Runingu. Wazee wangu walishaenda kubisha hodi kwao, wakapokewa vizuri, wakapewa kinywaji, lakini baba yake, Papa Furaha, hakutaja siku ya kupeleka mahari. Alisema bado ananichunguza. Huyo ni mzee mrefu, mkulima wa mpunga, anaheshimika kanisani, na akikuuliza jambo anakaa kimya baada ya jibu lako mpaka wewe mwenyewe unaanza kulitilia shaka. Mimi nilikuwa naogopa kila ninapokwenda kwao, naogopa hata namna ninavyoshika kikombe.

Siku moja nimekaa uani kwao, mzee akaanza kukumbuka filamu ambazo mapadri walikuwa wakiwaonyesha zamani kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Akasema tangu zile hajaona nyingine. Mimi, kwa kutaka kumpendeza tu, mdomo ukakimbia.

"Papa, juma hii kwetu Kimanga iko filme moja ya nguvu sana. Minye niliiona. Kuyeni muione na nyinyi."

"Weye uliiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Papa."

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona afishi yake tu, imebandikwa kwenye mbao za ukumbi wa video wa Muzee Ramazani: mwanaume amening'inia kwenye helikopta, nyuma yake moto mtupu. Furaha, ambaye ananijua, alinikanyaga mguu, lakini alichelewa.

Mzee akahesabu siku za juma kwa vidole. Halafu akasema, "Basi tutakuya. Na mama yake atakuya."

Mama yake Furaha! Wengine wenu hamjui mila zetu, ngoja niwaeleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hawatazamani machoni, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini ili apite. Akitaka kukuambia jambo anamwambia binti yake, binti yake anakuambia wewe, hata kama wote watatu mmesimama kwenye ua mmoja. Na maneno ya mapenzi hayatamkwi kabisa mahali ambapo mmoja anamsikia mwenzake, hata kwa utani. Mama huyo ndiye nilikuwa nimemwalika gizani! Nilijifariji kwa jambo moja tu, kwamba filamu ni ya helikopta na mabomu, na bomu halina haya.

Jumamosi wakafika kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, mzee na koti lake la kanisani katika joto lile, mama na kitenge kipya na miwani yake. Mama alisimama mbele ya afishi muda mrefu, nikadhani anaishangaa helikopta. Ndani nikawapangia mimi mwenyewe: mzee, kisha Furaha, kisha mama ukingoni, na mimi nikaenda kujibanza nyuma kabisa karibu na mlango. Mabati yalikuwa yanachoma, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, benchi zimejaa mpaka watu wanakaa nusu nusu. Nikasema moyoni, Kashindi, kaa kimya, itaisha tu.

Ndipo Muzee Ramazani akaja mbele na mikro. Mnajua filamu zetu nyingi ziko Kifaransa au lugha zisizojulikana, kwa hiyo kila ukumbi una mfasiri wake anayesimama pembeni ya kioo na kutueleza kwa Kiswahili. Siku ile mfasiri alikuwa ameenda msibani huko Baraka.

"Nani hapa anasikia Kifaransa muzuri?" Muzee Ramazani akauliza.

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu (nilivaa sandali).

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitarajia. Papa Furaha amesimama, na koti lake, anatazama nyuma kunitafuta. "Mukwe wangu iko hapa," akasema, watu wote wanasikia. "Ile filme alisha kuiona."

Mukwe wangu! Mzee ambaye kwa miezi alikuwa akiniita "kijana," leo ananiita mkwe mbele ya Kimanga nzima. Nilitaka kucheka kwa furaha na nilitaka kukimbia. Ningekataa vipi? Ningesema sijaiona? Nikaenda mbele, nikapewa mikro, nikasimama pembeni ya kioo nikiwaelekea watu, na mwanga wa filamu ukampiga mama mkwe usoni moja kwa moja, yaani mahali pekee ambapo sikutakiwa kutazama ndipo palipokuwa na mwanga.

Filamu ikaanza. Hakuna helikopta. Kuna jumba kubwa, mvua inanyesha, mwanamke mtu mzima anakata vitunguu, na mwanaume amesimama mlangoni anamwangalia akikata vitunguu.

"Anakata vitunguu," nikafasiri.

Tukangoja.

"Bado anakata," nikasema.

"Tunaona!" mtu akapiga kelele. "Helikopta iko wapi?"

"Inakuya," nikasema. Jamani, nimeona filamu mbaya, lakini ile ilikuwa ni kuwatoa watu majumbani kwao waje kuangalia mvua ya wengine. Hata muziki haikuwa nao. Akaingia binti mmoja, akamwita yule mwanamke "Maman," akachukua mwavuli akaondoka. Mwanaume akasogea mezani, akasema kwa sauti ya chini maneno marefu. Nami Kifaransa nakisikia vizuri, ndiyo taabu yenyewe. Alikuwa anasema hawezi kulala tena, kwamba tangu alipomwoa binti yule alijua amekosea, kwamba aliyekuwa akimtaka muda wote ni mama yake.

Mama mkwe wake! Katika filamu zote zilizotengenezwa na binadamu, mimi nimemtoa mama mkwe wangu Runingu aje kuangalia hiyo.

Ukumbi mzima unaningoja, Papa Furaha ameinama mbele na mkono sikioni. Nikafunga macho nikasema la kwanza lililokuja: "Huyu mwanaume anazungumza na mama yake mzazi. Yule binti ni dada yake. Anamwambia mama kwamba hawezi kulala, kwa sababu... kwa sababu ng'ombe wao wamepotea."

"Wangapi?" Papa Furaha akauliza palepale.

"Wote, Papa."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Watu wakatulia. Basi nikapata moyo kidogo, nikawaeleza ng'ombe walivyovuka mto, mwizi alivyokuwa jirani yao, mama alivyolia (alikuwa analia kweli, sijui ni vitunguu), na kwa dakika chache naapa filamu ile ilikuwa nzuri kuliko ilivyotengenezwa. Hata nikaanza kupumua.

Ndipo yule mwanaume akaizunguka meza, akamshika mama yule mashavu kwa mikono miwili, akambusu mdomoni.

Ukumbi ulilipuka. "Yesu wangu! Na mama yake!" mwanamke mmoja akalia. Benchi moja ikapinduka na watu wake. Papa Furaha alikuwa amesimama.

"Si mama yake!" nikapiga kelele kwenye mikro. "Si mama yake, jamani!"

"Weye ndiye ulisema ni mama yake!"

"Nilikosea! Ni daktari! Ni daktari wa hapo nyumbani! Kijana amezimia kwa uchungu wa ng'ombe, daktari anamupatia pumzi!"

"Amezimia na amesimama?"

"Huko kwao ndivyo wanazimia!"

Kicheko kile sijawahi kukisikia tena. Na wale wa kwenye kioo hawakunionea huruma, mama yule akaanza kumfungua mwenzake vifungo vya shati, kimoja kimoja, taratibu, na mimi nikawa nalia kwenye mikro, "Anatafuta moyo! Anasikiliza kama moyo iko inapiga!" Kwa bahati mbaya macho yangu yakamwangukia mama mkwe. Alikuwa amejifunika uso wote kwa kitenge na mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikajua kwamba nimemliza mama mkwe wangu mbele ya watu na kwamba Furaha si wangu tena.

Umeme ukakatika.

Sijawahi kuushukuru umeme kukatika isipokuwa siku hiyo. Giza, joto, watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, wanangoja kama utarudi. Na katika giza lile nikaisikia sauti ya mzee, nzito, ya kanisani.

"Mukwe."

"Ndiyo, Papa."

"Alipona?"

"Alipona, Papa."

"Na ng'ombe?"

"Walionekana, Papa. Wote."

Watu walicheka upya, wakatoka nje wakiwa bado wanamdai Muzee Ramazani helikopta yao. Lakini mzee hakucheka. Nje kwenye mwanga alinitazama, akapanda moto, akasema neno moja tu kabla ya kuondoka: "Njia ya kutoka Runingu ni ndefu, Kashindi." Mmesikia? Kashindi. Umkwe niliovikwa mchana ule, ulivuliwa mchana uleule. Mama alipita mbali kidogo, kitenge bado kiko mdomoni, hakugeuka.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Chakula hakipiti, simu za wateja nazichanganya, kila moto ikisimama karibu na kibanda nafikiri ni mjumbe wa Runingu anakuja kuniambia basi. Nampigia Furaha, simu haipatikani. Niliogopa kwenda kwao na niliogopa kutokwenda. Usiku nilikuwa najiuliza kwa nini sikusema tu, "Papa, sijaiona," maneno mawili, mzee angecheka, tungekunywa chai, ingekwisha.

Halafu Furaha akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, hakuniangalia.

"Papa alikuwa amekataa," akasema. "Alisema filme ile haistahili muntu kutoka hata mulangoni kwake, na kama unaita watu kwenye kitu kama kile, kesho utaita mutoto wake wapi?"

Mzee alikuwa na haki yake.

"Mama ndiye alimujibu. Alisema, muache, huyu kijana iko na haya."

"Mama? Si nilimufanya alie pale ndani?"

Furaha akaanza kutabasamu. "Alikuwa anacheka. Weye hukujua? Mama alisomesha Kifaransa kule Nyakabere kabla ya kutuzaa siye. Hata kwa afishi alikuwa anasoma Kifaransa yake. Alisikia yote."

Nikakaa chini, kwenye udongo, kati ya nyaya zangu za kuchajia.

"Amenituma kwako," Furaha akaendelea, na akabadilisha sauti, akaisema kwa heshima kama anavyofanya akibeba maneno ya mama yake. "Anasema alisikia yule mwanaume aliambia mama mukwe wake nini. Na aliona weye namna ulikuwa unakimbia ile maneno ili yeye asisikie. Mama hakumuambia Papa kitu juu ya yale maneno. Anasema aksanti. Na anasema usimuite tena kwenye filme."

Siwezi kuwaambia nilijisikiaje. Nililia kidogo (mseme mnavyotaka). Miezi yote ile nilikuwa namwogopa mzee, kumbe aliyekuwa ananichunguza sawasawa ni yule ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama.

Tangu hapo nimeapa, na mnaweza kuniuliza kibandani: filamu ambayo sikuiona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, macho wazi, simwambii mtu aivukie hata barabara. Mteja akiuliza kama iko nzuri, namwambia sijui. Wengine wanakasirika, wanaenda kwa jirani.

Na siku ya mahari, tumekaa sebuleni kwao Runingu, wanaume upande huu, na mama na wenzake nyuma ya pazia la mlango wa ndani, baba mdogo wa Furaha akaniuliza mbele ya wote kazi yangu ni nini hasa, maana amesikia mimi ni fundi wa mambo ya filamu.

"Apana, Papa," nikajibu haraka. "Minye nachaji simu tu. Filme sijui hata moja."

Nyuma ya pazia mtu akaanza kukohoa. Akakohoa, akakohoa, mpaka Papa Furaha akageuka akauliza kama kuna anayehitaji daktari.