Sauti ya maji nyuma ya dashibodi: fundi alivyoizika injini yangu ikiwa hai

Wakuu, na ninyi wajukuu mnaojiita wakuu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika.

Haya yametokea uwanjani kwangu, Mjimwema hapa Songea, mwezi huu wa saba. Nikitia chumvi, iniingie machoni mwenyewe.

Nina kigari changu cha zamani. Naendesha mwenyewe. Nilijifunzia kwenye pikapu ya kubebea tumbaku, wakati baba za baadhi ya mafundi wenu bado wananyonya.

Kila Jumapili baada ya misa nakwenda Namtumbo kumwogesha dada yangu. Miguu imemkataa, na hakubali mtu mwingine amguse. Shikeni hapo, ndipo penye uchungu.

Basi gari ikaanza kusema. Ukikanyaga mafuta, nyuma ya dashibodi kwobo, kwobo, kwobo, kama tumbo la mtu aliyekunywa togwa changa. Hita nayo inapuliza baridi. Na Songea mwezi wa saba, asubuhi vidole unavihesabu kwa macho maana huvisikii.

Mwanangu Kastori, mtu wa ofisini, vyeti vimejaa ukutani, akachungulia kile kidumu cha plastiki cha maji ya akiba, kilicho kando ya rejeta. "Mama, maji yapo, yamejaa." Kila asubuhi anaongeza. Yanamwagika chini, yeye anafurahi.

Akamwita fundi wake wa Lizaboni. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa kama yuko makaburini.

"Bibi, gasketi imekwenda. Injini hii imekufa."

"Imekufa, na juzi imenileta kutoka Namtumbo?"

"Basi tukate mipira ya hita. Bongo hii joto, hita ya nini?"

Anasema hayo kavaa koti zito na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

Nikakataa. Akamvuta Kastori pembeni: gari ni mzigo, yeye atajitolea kumwondolea, atakuja Jumamosi kuichukua. Mwanangu akatia ufunguo mfukoni.

"Mama, umri umekwenda. Kwa mama mkubwa utapanda basi."

Basi! Na beseni, na ndoo, na mashuka ya dada, nitabeba kwa meno?

Ijumaa asubuhi, injini imelala baridi (rejeta ya moto msiifungue, mvuke utawachuna uso), nikavaa miwani nikaiendea gari. Ufunguo anao Kastori, lakini mlango wa dereva haujawahi kufunga vizuri. Nikafungua boneti.

Mimi nimepika pombe ya komoni tangu msichana. Dumu lililojaa mpaka mdomoni, ukilibeba halisemi. Linalosema lina upepo ndani.

Nikakiangalia kile kidumu cha akiba. Gari ikiwa moto kimejaa, ikiwa baridi kimejaa, hakishuki hata ukucha. Kazi yake ni kupokea maji na kuyarudisha. Hiki kinapokea tu, kama mgeni wa msibani asiyeshika jembe.

Nikafungua mfuniko wa rejeta yenyewe. Kidole kikatoka kikavu. Mpira wa mfuniko umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Kumbe maji yakitoka hayarudi, upepo unaingia, unakwenda kukaa kwenye hita na kupiga soga.

Wanaume wawili, siku nne, hakuna aliyefungua hapo.

Nikanunua mfuniko mpya na coolant, yale maji ya kupozea injini.

Jumamosi fundi kaja, kanyoa, tayari kuondoka na gari. Uwanja wetu una mwinuko, gari imeegeshwa pua juu, upepo upate kupanda. Nikajaza rejeta, nikaacha mdomo wazi.

"Kastori, washa. Hita fungua yote."

Mapovu yakatoka, nikaongeza. Yakatoka tena, nikaongeza, mpaka yakakoma. Nikafunga.

Kimya. Kastori akakanyaga mafuta. Kimya. Mara akaweka viganja mbele ya hita, akaviondoa haraka.

Fundi akakohoa. "Bibi, gasketi nyingine huwa zinajirudi zenyewe."

"Njoo basi uote moto wa marehemu."

Kastori akazima injini. Akaninyooshea ufunguo. Na jana Namtumbo tumekwenda wote, mimi kwenye usukani, yeye kapakata beseni.

Sisemi gasketi haziungui. Ukiweka mfuniko mpya na maji bado yanapungua, hapo tafuteni ugonjwa mkubwa. Lakini anzeni mlangoni kabla ya kubomoa ukuta.

Mafundi mliomo humu, najua mmenuna. Njooni mnibishie, nipo. Ila kila atakayeandika aanze kwa kujibu hili: rejeta uliifungua, au ulichungulia kidumu?