Jogoo wa Mama Chini ya Bango la Rushwa

Leo nimesimama hospitalini na jogoo mkononi, chini ya bango la kukataa rushwa. 😩

Iko hivi. Naomba kusomea udaktari. Kwetu Lusewa ukoo mzima tunalima tumbaku, hakuna hata wa kumuuliza naanzia wapi. Mwalimu wangu wa baiolojia akanielekeza kwa daktari mmoja hapa Songea mjini.

Mama akasema, "Huendi kwa mtu mikono mitupu."

Akanifungia jogoo.

Sasa nipo mlangoni kwa daktari. Wagonjwa kwenye benchi wanasoma bango, wananitazama mimi, wanamtazama jogoo.

Jogoo akawika!

Daktari akatoka.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Mdogo wangu, huyo mtoe hapa kabla sijafukuzwa kazi."

Benchi zima likacheka. Nikageuka, nikaondoka zangu. Nilishaamua narudi kulima.

Akanifuata mpaka getini. Akauliza kwetu nani kasoma. Nikamjibu hakuna.

"Hata kwetu hakukuwa na mtu," akasema. "Jioni njoo nyumbani Mshangano, na jogoo wako. Wenzako watakuwepo."

Nimeenda. Nimekuta vijana watatu, wote wanaomba udaktari, wote wa kwanza kusoma kwao. Dokta katukalisha mkekani, anatueleza namna ya kuchagua vyuo, na ukikosa mwaka huu ufanyeje.

Nikaomba kwenda uani kumfunga jogoo.

Huko nikakuta majogoo wengine watatu, wamefungwa miguu.

Kama na wewe ni wa kwanza kusoma kwenu, njoo kwa dokta. Ila mwambie mama yako majogoo wanatosha.