Darasa la Ba la Kiprakriti

Nilipoanza kazi ya kumtunza Ba, nyumbani kwa binti yake mjini Rockville, Marekani, nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Ba ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama mzee. Alinitazama akauliza kwa Kiswahili, "Wewe ni wa wapi?"

"Kenya. Nyeri."

"Karibu ndani, mama. Mimi mzaliwa wa Nakuru."

Alinifundisha jiko la Kijaini, dini yake ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote: hakuna nyama wala mayai, hata viazi na vitunguu hakuna, kwa sababu kung'oa mzizi kunaua viumbe vya udongoni. Kila asubuhi aliomba kwa Kiprakriti, lugha ya kale ya India iliyobeba sala na maandiko ya Wajaini. Siku moja nikamwuliza maana. Alinieleza neno kwa neno.

"Wajukuu zangu wanaisoma vizuri," alisema, "lakini hawajawahi kuniuliza hivyo."

Akaamua kufundisha hekaluni Jumapili. Binti yake alipinga, maana kiharusi kilikuwa kimemlegeza Ba upande mmoja.

"Mama, utachoka. Watoto wana rekodi kwenye simu."

"Simu itajuaje kama mtoto ameelewa? Nipelekeni."

Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu. Watoto walikariri mbio mbio, kama wanaofukuzwa. Ba akainua mkono wake mzima, wakanyamaza. Akachagua maneno mawili tu, michhami dukkadam, ambayo Wajaini huambiana kila mwaka wakiombana msamaha.

"Ubaya wangu na ubatilike," alieleza. "Sasa fikirieni mtu mmoja mliyemkosea. Msiyatamke mpaka mumpate."

Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo kikuu cha College Park, alikuwa amekaa mbali na mama yake, yule binti wa Ba. Kwa wiki kadhaa walikuwa hawasemezani. Aliinuka, akamwendea, akayasema taratibu. Mama yake alijibu maneno yale yale. Nami nilifuta machozi bila aibu.

Darasa halijasimama tangu siku ile. Mjukuu ndiye anayeandika ubaoni sasa, na ameanza kujifunza sarufi. Ba anasahihisha matamshi, wala halimpiti kosa.

Mimi ni Mpresbiteri na nitabaki hivyo, lakini nakaa nyuma nafuata somo. Juzi nikiwa namchana nywele nilimsomea sala nzima kwa kichwa.

"Mstari wa tatu umeukimbiza," akasema. "Rudia."

Nikarudia.