Jelule za Kwinini

Mwezi uliopita binti yangu aliugua, akaandikiwa kapsuli za rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Akaiweka moja kiganjani, akaniuliza ndani kuna nini. Kabla sijamjibu alishaanza kuivuta pande zote mbili aifungue. Nikampiga mkono. Sikuwa nimewahi kumpiga mtoto huyu, na yeye alinitazama bila hata kulia, kwa mshangao tu. Nilimwomba radhi, nikampa maji, akameza. Lakini nilikaa pale ukingoni mwa kitanda chake muda mrefu. Basi nikusimulie wewe, rafiki yangu, kwa sababu yeye bado ni mdogo mno kwa habari hii.

Ilikuwa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi watatu, bibi, mama na mimi, katika nyumba ya mbao si mbali na mpaka wa Kongo. Mama alivuka kila asubuhi kwenda Goma na beseni la karoti na viazi kichwani, akarudi alasiri na mawese, sabuni, na habari za ndugu zetu wa upande ule. Hayo ni maisha ya kawaida pale hata leo. Ila miaka ile kulikuwa na vita milimani. Barabara ilifungwa bila taarifa, mpaka pia ulifungwa bila taarifa, na sisi watoto tulitambua kwa masikio mlio wa bomu, wa mbali na wa karibu. Wa mbali tuliendelea kuruka kamba. Wa karibu tuliingia chini ya kitu chochote chenye miguu minne.

Jirani yetu alikuwa mama wa farmasi. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Alijifunza kazi Kongo, kwenye farmasi ya masista, na aliporudi nchini aliweka rafu tatu kwenye chumba chake cha mbele, mizani ndogo, kinu cha kauri, na ubao wenye matundu. Nilipotoka shule nilikaa kwake mpaka mama arudi. Chumba kile kilinukia spiriti na nta ya sakafu, na kutoka jikoni kwake ilikuja harufu ya sombe, yaani kisamvu, iliyochemka tangu asubuhi.

Kazi yangu ilikuwa kutenganisha jelule tupu. Ndivyo tulivyoziita kapsuli, kwa jina la Kifaransa. Zilikuja kutoka Goma ndani ya boksi, nyeupe, nyepesi kiasi kwamba ukipumua vibaya zinakimbia mezani. Kila moja ni vipande viwili, mwili na kofia. Nilivuta kofia, nikasimamisha mwili ndani ya tundu la ubao.

"Pangusa mikono kwanza," alikuwa akiniambia. "Iko maji kwenye vidole yako. Jelule haipendi maji, itakufia mukononi."

Siku moja nilimuuliza ganda lile linatengenezwa na nini. Akaniuliza kama naijua supu ya kwato ya bibi yangu.

"Naijua, mama."

"Ikilala, asubuhi inakuwa namna gani?"

"Inaganda. Inatetemeka."

"Bon. Ni ile ile. Kule kiwandani wanachemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe mpaka utelezi unatoka. Wanachovya ndani vijiti vya chuma, wanatoa, utelezi unakauka juu yake, wanauvua kama soksi. Wanakata. Soksi kubwa ni kofia, soksi ndogo ni mwili."

Zile laini zilikuwa jambo jingine. Alikuwa nazo kwenye chupa ya kahawia, za mafuta ya samaki, manjano, zinang'aa kama macho ya paka. Hazina kofia. Alinieleza kuwa karatasi mbili za utelezi ule, zikiwa bado laini, hupitishwa kati ya magurudumu mawili, mafuta yanadondoka katikati, na magurudumu yanabana na kukata papo hapo. Kila Jumamosi alinipa moja nimeze. Mara ya kwanza niliitafuna, nikashinda na ladha ya samaki mdomoni hadi jioni, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Za kujaza kwa mkono zilikuwa hasa za kwinini. Watu wengi walitapika kwinini kwa uchungu wake, ndiyo maana alisaga vidonge vyake, akaipima kwenye mizani, akaificha ndani ya jelule. Mimi sikuruhusiwa kuigusa. Nilifanya mazoezi kwa unga wa muhogo. Nilisambaza unga juu ya ubao kwa kipande cha kadi mpaka matundu yajae, nikagongagonga ushuke, nikabana kofia hadi isikike "tik". Za kwangu zilikaa kwenye kikombe cha bati. Alinieleza mara moja tu, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo lingine: "Kwinini ikizidi, masikio inalia, moyo inachoka. Ikipungua, homa inarudi na nguvu. Hii haina muchezo."

Wiki moja bibi alikuwa na malaria. Mwalimu wangu pia alikuwa nayo. Alikuwa msichana mrefu kutoka Busasamana, aliyetufundisha hesabu kwa kutuimbisha. Mama wa farmasi alijaza jelule arobaini na mbili, ishirini na moja kwa kila mmoja, tatu kwa siku, siku saba. Zilikuwa zimeshafungwa kofia, bado zimesimama kwenye ubao, na kikombe changu chenye kumi za unga kando yake, ulipokuja mlio.

Ulikuwa wa karibu. Vioo vya rafu vililia. Mama wa farmasi alikimbia nje kufunga mabati ya dirisha, nami nikajitupa chini ya meza, na bega langu likainua meza. Ubao ulianguka. Kikombe kilianguka. Jelule zote, nyeupe kwa nyeupe, zilitawanyika sakafuni.

Sijui kama umewahi kuogopa vitu viwili kwa wakati mmoja. Nje walikuwa wanapiga mabomu, na ndani nilikuwa nimeharibu dawa. Nikaogopa zaidi kile cha ndani. Niliokota nikiwa nimepiga magoti, nikahesabu arobaini na mbili, nikazitia kwenye chupa yake. Kumi zilizobaki nilizitia mfukoni mwa sketi. Aliporudi, anahema, alitazama chupa.

"Yote iko muzuri?"

"Ndiyo, mama."

Akazigawa. Mwalimu alikuja kuchukua zake akiwa amejifunga kitenge kichwani, meno yanagongana kwa baridi ya homa. Alinishika shavu. "Kesho ninaenda nyumbani, nitarudi nikipona," alisema. Mimi niliangalia viatu vyake.

Siku hiyohiyo mpaka ulifungwa, mama akiwa Goma.

Siku ya kwanza bibi alimeza tatu. Siku ya pili tatu. Nilizipeleka mimi mwenyewe, na kikombe cha chai ya maziwa. Homa haikushuka. Alilala mchana kutwa akiita majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na kila alipoita jina nilihisi anamkaribia mwenye jina hilo. Niliingiza mkono mfukoni. Joto na jasho langu vilikuwa vimezilainisha zile kumi, zimegandana kuwa donge moja. Nikawaza kwamba nimemuua bibi yangu, na kwamba mama atarudi akute maiti, kama atarudi.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kwa mama wa farmasi, nikaweka donge lile mezani. Nikasema yote. Hakunipiga. Alikaa, akalipasua donge kwa kisu kidogo, akaonja kilichomo ndani ya moja baada ya nyingine kwa ncha ya ulimi. Sita zilikuwa chungu, za kwinini.

"Donc za unga sita zimeenda kwa wagonjwa," alisema. "Uliogopa nini? Mimi, ao ile bombe?"

"Wewe. Niliogopa utanifukuza."

Alifumba macho kidogo. Kisha akachukua kwinini nyingine, ya vidonge vya kiwandani, tukaenda mbio kwa bibi. Zile kumi na tano zilizobaki alizifungua zote mbele yangu, na tukapata mbili za unga. Nne za unga zilizobaki zilikuwa ama tumboni mwa bibi, ama njiani kwenda Busasamana.

Nilimfuata mama wa farmasi hadi kizuizi cha barabara ya Busasamana. Aliwaeleza wanajeshi, akawaonyesha dawa. Mmoja alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mama, huko juu leo hapandi mtu," alisema. Alasiri tulimpata mwanamke wa viazi aliyesema anajua njia ya mashambani. Mama wa farmasi alimfungia vidonge kwenye karatasi, akamwandikia mwalimu maneno machache. Mwanamke yule hatukumwona tena sokoni.

Bibi alipona. Homa ilishuka siku mbili baadaye, akaomba supu, akagombana nami kwa chumvi. Mpaka ulifunguliwa, mama akarudi na miguu imevimba, bila beseni. Nilimkumbatia kiunoni, sikumwachia mpaka jioni.

Mwalimu hakurudi. Darasa letu lilipewa mwalimu mwingine, mwanamume, ambaye hakuimba. Wengine walisema yule wetu amehamishiwa Ruhengeri. Wengine walisema ameolewa Kongo. Wengine waliponiona walibadilisha mazungumzo. Miaka ile watu walipotea kwa sababu nyingi, na sababu yangu ilikuwa ndogo kuliko zote, nyeupe, ya unga wa muhogo. Lakini ni yangu.

Nyumba yetu ya mbao haipo. Bibi amelala makaburini Rugerero. Mama wa farmasi alihamia kwa watoto wake, akafa mbali, na hakumwambia mtu yeyote nilichofanya, hata mama yangu. Milima imetulia, na watoto wa Gisenyi wa leo hawajui mlio wa karibu. Nashukuru kwa hilo. Mwanamke mrefu anaponipita barabarani akiimba chini kwa chini, bado namfuata hatua chache, mpaka ageuke nimwone uso.